Miwa kabla, kahawa baadaye, na bia ikae pembeni

Swali limetoka kwa kijana wa Chake Chake. Wao ni watu kumi na mmoja, wapenzi wa muziki wa roki waliojuana kwa kutumiana nyimbo kwenye simu: watano wa Pemba, wanne wa Dar es Salaam, wawili wenyeji wa Mwanakwerekwe. Februari wanaonana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, kwenye usiku wa bendi yenye magitaa makali itakayopanda jukwaani saa nne. "Tunataka tupate vinywaji kabla, na onyesho likiisha tukae tupige soga," anaandika. "Baadhi yetu wanakunywa bia, wengine hawagusi, na wawili hata meza yenye bia hawakai. Wenzetu wa Dar wanasema tutafute baa ya juu ya paa, tuione bahari. Mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kupanga na sijui nianzie wapi. Nisaidie, mzee wangu."

Mwanangu, kwanza pole, maana katika shughuli ya watu kumi na mmoja anayeipanga ndiye asiyeifurahia. Pili, anzia mwisho.

Kila anayenijia huniuliza wakutane wapi kabla ya onyesho. Sijapata anayeuliza itakapofika saa saba usiku, masikio yanavuma, mwenzao mmoja haonekani na simu tatu zimezimika kwa chaji, watasimama wapi. Kabla ya onyesho mji wote uko wazi na kila mtu ana akili zake. Nimepokea wageni wa maonyesho hapa Mji Mkongwe miaka mingi, na sikumbuki kikundi kilichoharibikiwa saa kumi na mbili jioni. Huharibikiwa wakati wa kutoka: wawili wamemfuata rafiki waliyekutana naye ndani, mmoja kaenda chooni, mmoja kashikwa na njaa, na aliyeshika ufunguo wa nyumba hapokei simu.

Kwa hiyo kabla hujatafuta baa, nitafutie baraza.

Wewe mtu wa Pemba, baraza sina haja ya kukueleza, lakini wenzako wa Dar waeleze: ni vile viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba, watu hukaa, hunywa kahawa, husemana. Wenyeji wenu wawili wa Mwanakwerekwe, mmoja wao hakosi shangazi au bibi anayeishi Shangani, Malindi au Mkunazini. Aende mchana, atoe salamu, aombe ruhusa mkae barazani kwake usiku kwa saa moja, kwa sauti ya watu wenye adabu. Hapo ndipo mtakapolimaliza onyesho lenu. Baada ya masaa matatu ya magitaa, kitu ambacho watu wanakitaka ni kusikilizana. Baa yenye muziki wake haikupi hicho. Mnatoka kwenye kelele mliyoilipia mnaingia kwenye kelele msiyoitaka, mnapigiana makelele masikioni, mnachoka, mnaagana. Kikundi kilichokutana kwa sababu ya nyimbo kinahitaji mahali ambapo mtu anaweza kusema "ule wimbo wa nne, umesikia alivyolikata gitaa?" na mwenzake akamsikia.

Mimi huacha chupa mbili za chai kwa jamaa yangu mapema jioni. Moja ina kahawa chungu, nyingine chai ya tangawizi. Chupa ya lita moja na nusu inatoa vikombe vidogo vya kahawa ishirini hivi, kwa hiyo watu kumi na mmoja mnapata duru mbili kasoro kidogo, na atakayekosa ya pili atakunywa tangawizi na atalala vizuri zaidi. Weka na kashata, weka na visheti. Unaweza kunijibu kwamba wauza kahawa wapo, Jaws Corner ipo. Ipo, na mpelekeni mgeni akaione: njia panda ya vichochoro yenye baraza, madele ya kahawa na mabishano ya siasa yasiyokwisha. Lakini mpelekeni jioni. Usiku wa manane usitegemee kumkuta muuza kahawa anakungoja wewe na roki yako.

Sasa tuje kwenye pombe, maana naona ndiyo iliyokutia kiwewe.

Pombe Zanzibar haikukatazwa, ila huuzwa kwenye sehemu zenye leseni, na watu wengi mno wa visiwa hivi ni Waislamu. Hili wewe unalijua. Wenzako wa Dar wanalijua kwa kichwa tu, bado hawajalijua kwa miguu. Kwao, kutembea na chupa mkononi kutoka baa hii hadi ile ni jambo la mtaani. Hapa unapita na chupa yako katikati ya kichochoro, kushoto mlango wa msikiti, kulia mama ameketi na wajukuu. Hakuna atakayekupiga. Watakutazama, na mwenyeji uliyefuatana naye ndiye atakayebaki na yale macho kesho yake, wewe umeshapanda boti. Bia inywewe mahali inapouzwa na ibaki hapo hapo. Wala isibebwe kwenye chupa ya maji kwenda Forodhani, ile bustani ya pwani mbele ya Ngome. Nimeliona hilo jaribio mara nyingi na harufu humtangulia mwenyewe.

Shida yenu kubwa lakini si sheria, ni nyinyi kwa nyinyi. Wawili hawakai meza yenye bia. Vikundi vingi hulitatua hili kwa kuwaambia wawili hao "nyinyi agizeni soda tu, si mnakaa tu". Hapana. Kwa mtu anayeshika dini yake kukaa kwenye meza hiyo kwenyewe ndiko anakokukwepa, soda haibadilishi kitu. Ukimlazimisha atakuja, atakaa kwenye ncha ya kiti, atatazama saa, na mara ya pili mkimwita atakuwa na udhuru. Basi igeuze: kinywaji cha kikundi, kile ambacho wote kumi na mmoja mnakutana kwacho, kiwe ni kitu ambacho wote kumi na mmoja mnaweza kukinywa. Kabla ya onyesho ni miwa. Baada ya onyesho ni kahawa. Wanywaji wa bia wapewe nafasi yao ya pembeni, ya wazi, yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, bila ya kuonewa haya na bila ya kuwaburuza wengine.

Na mifuko ya mchango iwe miwili. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mkichanga kila mtu sawa, kisha nusu ya fedha ikaenda kwenye bia, umemlipisha pombe mtu ambaye hakuitaka hata kwenye meza yake. Hatosema kitu. Watu wetu hawasemi. Mchango wa wote uwe wa chakula, miwa, maji, kahawa na usafiri. Wanywaji walipane wenyewe kwa wenyewe, kwa simu zao, na mshika fedha wa kikundi asihusike.

Jioni yenyewe ningeipanga hivi. Wanywaji wenu, sema ni watano, wapande kwenye paa lao saa kumi na moja, jua bado lipo, viti vipo. Wale sita waende Forodhani kuwatazama vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani. Hiyo peke yake ni onyesho, na aliyeitazama mara moja hurudi. Februari jua linazama mnamo saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Wanaosali Magharibi wasali, misikiti haiko mbali na Forodhani, kisha saa moja na robo nyote kumi na mmoja mkutane bustanini mle. Isha inaingia karibu na saa mbili. Saa mbili na nusu muwe mlangoni Ngome Kongwe. Bendi yenu saa nne. Mnaona kuna nafasi kubwa hapo katikati, na ndivyo ninavyotaka: watu wanaokutana kwa mara ya kwanza wanahitaji muda wa kukosea majina.

Kuhusu baa ya juu ya paa, sikiliza kisa kimoja. Mwaka fulani niliwapandisha watu tisa kwenye ghorofa ya juu ya hoteli moja ya mjini, saa moja usiku, onyesho linaanza saa mbili na nusu. Waliagiza vinywaji vya aina saba. Vya kwanza vilipofika, wa mwisho alikuwa bado anasoma orodha. Nikasema hamna neno, muda upo. Ilipofika saa mbili nikaomba bili. Ikaja baada ya robo saa, karatasi moja ya watu tisa, ndefu kama kilemba, kila kitu kimeandikwa kwa mkupuo. Mmoja alikula viazi tu. Mmoja anaapa bia zake ni mbili, karatasi inasema tatu. Mwingine ana dola, mhudumu hana chenji ya dola. Tumesimama pale tunajumlisha kwa simu, mara upande wa Ngome ngoma zikalia. Nyimbo tatu za mwanzo tulizisikia kutoka juu ya paa lile, pamoja na upepo. Wimbo walioufuata kutoka bara ulikuwa wa pili.

Tangu siku ile sheria yangu ni moja: lipa unapoagiza, kila mtu chake, na ulizia bei kabla. Bei za vinywaji vya paani si za mtaani, na wakati mwingine hata upatikanaji wenyewe una mashaka. Januari 2024 mabadiliko ya vibali vya waingizaji yalizifanya bia ziadimike kisiwani na bei zikapanda, wageni wanaulizana baa ipi imebakiwa na nini. Mhudumu akikwambia lipa mwisho, mwambie kwa heshima kwamba mna onyesho. Anajua.

Na wanywe kiasi gani? Hapa nitatoa hesabu, kwa sababu neno "kidogo" kila mtu ana kipimo chake. Chupa ya nusu lita ya bia yenye nguvu ya asilimia 5.5, kama Safari, ina karibu gramu 22 za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo bia moja tu ni kazi ya saa mbili au tatu, na anayekunywa moja kila nusu saa anajaza pipa lenye tundu la sindano. Konyagi ni asilimia 35. Kile kichupa kidogo cha mililita 200 kina kilevi sawa na bia mbili na nusu za aina ile, na watu hukimaliza huku wakisema hawajaanza. Kahawa haisaidii lolote hapo. Inamfumbua macho mlevi, ulevi unabaki pale pale. Mimi kwa anayeniuliza namwambia bia mbili kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu, na baada yake chakula, basi. Ana saa tatu na zaidi hadi bendi ipande, na atafika akiwa ameshika nyimbo zake kichwani. Zaidi ya hapo atakuwa kwenye foleni ya choo wakati wenzake wanaimba. Bia hukojolesha, na vyoo vya maonyesho haviongezeki kwa sababu yako.

Joto nalo lisahauliwe vipi? Februari ni kaskazi, joto la mwaka liko juu, jasho halikauki. Ngome Kongwe haina paa, lakini ina kuta. Waarabu wa Omani walioijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walitaka kuta za kuzuia mizinga, na kuta za kuzuia mizinga huzuia na upepo wa bahari vizuri sana. Nje pale ukutani unapepewa, ndani hatua mia moja mbele unaoga jasho. Kila mtu anywe nusu lita ya maji kabla ya kuingia, na akiwa ndani anunue tena. Vinywaji vya nje mara nyingi havipiti mlangoni, msibishane na mlinzi. Dafu moja mchana lina kazi yake pia, nawe unajua kulichagua. Wafundishe wenzako wa Dar kwamba dafu la maji na dafu la nyama ni vitu viwili.

Miwa yenyewe nataka uisimamie, usimwachie mtu. Forodhani utawakuta wenye mashine, gurudumu kubwa linazungushwa kwa mkono. Muwa ulishamenywa. Anausukuma katikati ya chuma mbili, na mara ya kwanza hutoka maji mengi, matamu tu, hayana tabia. Usiyachukue hayo. Ngoja alikunje lile bua lililobapa, apachike ndani ya mkunjo kipande cha tangawizi na nusu ndimu, alirudishe. Halafu alikunje tena. Mara ya tatu chuma zinalia, mara ya nne upande wa pili kinatoka kitu kama kamba kavu, na yale maji yaliyokuwa meupe yamekuwa na rangi ya kijani ya majivu na yananusa tangawizi mpaka kwako. Hayo ndiyo. Mwenye tumbo jepesi aseme "bila barafu" kabla glasi haijajazwa, si baadaye. Na kwa kuwa mashine ni moja na mkono ni mmoja, glasi kumi na moja ni kazi. Mpitie mwenye mashine kabla ya Magharibi umwambie unakuja na watu, atakuwekea miwa tayari na huenda akakupunguzia.

Chakula nitapita upesi. Mishkaki, chapati, kachori, mantabali ambayo wageni wanaiita pizza, urojo kwa anayeupenda. Pweza aliyeshinda kwenye meza toka alasiri mwache alale. Bei iulizeni kabla ya kula, hasa watakapoisikia lafudhi ya bara. Kuleni vya wanga, vinashika tumbo kwa wale watano.

Mtu akiuliza kwa nini wapenda roki waje hadi Unguja, mwambie Farrokh Bulsara alizaliwa mji huu tarehe 5 Septemba 1946, akaondoka na wazazi wake 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Najua wenzako watataka picha Shangani, penye makumbusho yake. Pigeni mchana. Usiku mtazuia njia, na ile saa ni ya miwa.

Ndani ya Ngome kikundi kitatawanyika, kiacheni kitawanyike. Wengine wanataka mbele kwenye spika, wengine nyuma wakae. Jambo la maana ni mahali pa kukutania mkitoka, na mahali hapo pasiwe "Forodhani". Forodhani ni bustani nzima, usiku ule itakuwa na mamia ya watu wanaotafutana kama nyinyi, na wauzaji wengine watakuwa wanafunga meza, kwa hiyo ile alama uliyoiweka jioni, "kwa yule mwenye taa nyekundu", haipo tena. Hili nililipata kwa jasho. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja yote ilikaa bila umeme wa gridi, miezi mitatu, na Februari ile nilikuwa na wageni wanne. Onyesho liliendeshwa kwa jenereta. Nikawaambia kwa uhodari kabisa: tukutane chini ya taa ile. Muziki ukaisha, jenereta likazimwa, na taa yangu nayo. Nilimpata wa nne saa nane usiku, ameketi juu ya jiwe, anazungumza na paka.

Basi semeni Mti Mkubwa wa Mizingani. Kila dereva anaujua, kila mtoto anaujua, hauhamishwi wala hauzimwi. Mkitoka mlangoni mnafuata njia ya bahari, bahari iwe mkono wa kushoto, dakika chache tu. Kanuni iwe: onyesho likiisha, nusu saa wote mko mtini. Anayetaka kubaki na marafiki wengine anaruhusiwa, lakini aje mtini aseme, au amtume mwenzake aseme. Asiyetokea wala kutuma neno anatafutwa na watu wawili, si mmoja, na si kumi. Andikianeni namba za simu kwenye karatasi, maana simu ikizimika namba zake zimezimika nayo, na siku hizi hakuna anayeijua namba ya mtu kwa kichwa, hata ya mkewe.

Kutoka mtini mnakwenda barazani nyote. Nyote, hata wale watano. Nusu saa ya kwanza ni ya kikundi: kahawa imiminwe, kashata zizunguke, kila mtu aseme wimbo wake. Baada ya hapo anayetaka kurudi paani kwa bia ya mwisho aende, na aende na mwenzake, na aseme atalala wapi. Utashangaa wangapi hawatoki. Niliwahi kukaa na kikundi hivyo, wanywaji wakiwa ndio waliokuwa wanasubiri kwa hamu wakati wao wa kuondoka, na chupa ya kahawa ikaisha wao ndio wakauliza kama kuna nyingine.

Kuna usafiri. Daladala hukatika usiku, zisiwemo kwenye hesabu. Wa Mwanakwerekwe wakubaliane na dereva wa teksi mchana, bei na saa, na namba yake iwe kwa watu wawili. Mwenye vespa asionje hata tone. Na wa kupakiwa asipande na aliyeonja, hata kama ni binamu yake. Akina dada walio kwenye kikundi wafikishwe mpaka mlangoni, mlango ufunguliwe, ndipo mgeuke. Na mtu asijidanganye kulala Nungwi au Paje kwa sababu amepata chumba cha bei nafuu: Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini, na bei aliyoiokoa kwenye chumba ataitoa kwenye gari ya usiku. Laleni mjini.

Nyinyi watano wa Pemba nawaomba msikate tiketi ya boti ya asubuhi ya pili yake. Kaskazi inapovuma mkondo wa Nungwi hauna huruma hata na aliyelala kitandani masaa manane. Aliyelala masaa matatu, na ndani ana bia na kachori, atajuta mbele za watu. Kateni ya siku ya pili, au ya mchana ikiwepo.

Jambo la tarehe liangalie sasa hivi kabla ya tiketi. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa inaiingia Februari. Mwaka 2026 mwezi uliandama katikati ya Februari. 2027 unatarajiwa karibu na tarehe 8. Mwezi ukishaandama mipango yote hii niliyokuandikia haina kazi: mchana migahawa mingi hufungwa, kula na kunywa hadharani ni aibu na ni kosa, na magitaa hunyamaza. Mkiwa na siku chache kabla ya mwandamo, mji utakuwa na pilika zake za kununua tende na unga, teksi hazipatikani upesi. Mkiwa mbali nao, hamna neno.

Lililobaki ni shangazi. Usimwendee mikono mitupu kwa sababu umeomba baraza tu. Kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai inatosha, na vikombe virudi vimeoshwa. Mwaka juzi mimi nilirudisha kumi na nane kati ya ishirini, na hadi leo nikipita pale naulizwa.